Mmbea Mwenye Mkanda Mfupi

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda kung'oa jino, nimerudi na jino langu na ugonjwa juu yake!

Gego la chini, kushoto. Linanitesa tangu mwaka jana. Leo nikajikaza kisabuni, nikapanda kile kiti, nikafungua mdomo. Daktari wa meno hajagusa kitu, akasema kwanza nipimwe presha. Nikacheka. Nikamwambia presha ni ya watu wenye wajukuu, mimi nina miaka ishirini na nane na sina hata paka. Hakucheka. Akapima. Akapima tena. Akasema nitulie, nipumue, akapima mara ya tatu.

166 juu, 104 chini.

Akavua glavu. Jino la mtu mwenye namba hizo haling'oi, damu inaweza kugoma kukata. Nikasema labda ni woga wa koleo. Akasema labda — basi nenda kliniki ukapimwe mahali pasipo na koleo. Karatasi hii hapa. Kwaheri.

Mama akauliza jino liko wapi. Nikamwambia foleni ilikuwa ndefu. Uongo wa kwanza huo.

Jioni nimejikuta nautazama mkono wangu wa kulia. Nimeufungua, nimeufunga. Unafanya kazi. Naogopa hata kuandika kwa nini nimeutazama.


Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Benchi refu, watu wazima watupu. Bibi mmoja akaniuliza nimemleta nani. Nikamwambia nimejileta mwenyewe. Akanipapasa goti, akasema pole mwanangu, hata mimi nilianza nikiwa na meno yote.

Nesi ni mrefu, mpole, kalamu mbili zimechomekwa nyweleni. Alinifunga mkanda wa kupimia, akautazama, akaufungua. Akavuta droo ya chini, akatoa mwingine mpana. Nikadhani ule wa kwanza ni mchafu. Akanikalisha dakika tano kamili: mgongo kwenye kiti, miguu sakafuni, mdomo umefungwa. Mimi kunyamaza dakika tano! Wenzangu wa karakana ya ushonaji wangelipa kiingilio.

154/98. Mkono wa pili, 152/98. Na koleo halikuwepo.

Daktari ni kijana, ananizidi miaka mitatu minne hivi. Sigara? Sivuti. Chumvi? Ee, hapo. Nani nyumbani ana presha?

Nikamwambia ni Mama. Kiharusi, miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka arobaini na tisa. Alikuwa amesimama mezani anakata suruali ya mteja, mkasi ukamtoka mkononi. Alifikiri umeteleza. Akainama kuuokota, mkono haukwenda. Mpaka leo mkono wa kulia haujarudi kazini. Mama! Aliyekuwa akikata koti bila kuchora chaki. Yote ninayoyajua ya sindano nimeyajulia miguuni pake.

Daktari aliandika, kisha akaiweka kalamu chini. Akasema: mama yako hakujua, wewe umejua. Basi. Naliandika hapa ili nikianza kupiga mayowe nilisome.

Kidonge kimoja kila asubuhi. Chumvi nipunguze. Nitembee. Ninunue mashine, nijipime asubuhi na jioni, niandike. Nirudi baada ya wiki nne. Namba zikishuka, tunaendelea na kidonge kimoja na jino linang'olewa. Zikigoma — dawa ya pili, na vipimo vya kutafuta kilichojificha.

Kazini nitasema. La, sitasema. Na Mama ndiyo kabisa, simwambii. Atasema yeye ndiye aliyenipa.


Alhamisi, 6 Machi

Nimenunua mashine. Ilikuwa ya mwisho pale duka la dawa, boksi limepauka kwa jua la dirishani. Nyeupe, kama sahani ndogo, ina kioo cha namba, mpira, na mkanda. Nimeibatiza jina: Mmbea. Kazi yake ni kusema yaliyo ndani ya mtu.

Ila mkanda haufungi! Nimeuvuta, nimebana pumzi, nimeubembeleza. Velkro inashika ncha tu, mashine ikianza kupuliza inabanduka — prrrap! Nimesoma maandishi yake: mkono wa sentimita 22 mpaka 32. Nikachukua futi yangu. Mkono wangu: 38. Sawa, ni mikono ya ukoo wetu, tumeibeba miaka yote na hakuna aliyelalamika.

Sasa, mtu mwingine angerudisha dukani. Mimi ni fundi. Tangu nianze kushona sijawahi kumwambia mteja kwamba mwili wake umekosea. Nguo ikibana, huongezwa kitambaa.

Nikaongeza. Kipande cha kijivu kilichobaki kwenye sare za shule, nimekikunja mara mbili, nimekitia velkro mpya, mshono mara tatu pembeni na msalaba kwenye kona. Umetoka safi, utadhani ulizaliwa hivyo. Umenikaa mkononi bila kulalamika. Nikajisifu peke yangu.

Nikakaa dakika tano kama nesi alivyosema. Nikabonyeza.

178/108.

Imepanda! Jana 154, leo 178, na kidonge nimekinywa!


Jumapili, 9 Machi

Asubuhi 174/106. Jioni 176/104.

Nimepika supu bila chumvi. Mama ameonja, ameweka kijiko chini kwa heshima zote, akauliza kama kuna msiba. Nikasema nimesoma mahali kwamba chumvi si nzuri kwake. Akasema basi mpishi angetia walau ndimu. Nikakamua ndimu. Ikapona kidogo.

Ninajipimia bafuni. Nafungulia bomba ili Mmbea asisikike anavyonguruma. Mama anakaa pale dirishani na mkono wake umelala mapajani, na kwa mkono wa kushoto anapinda pindo la mapazia ya jirani. Polepole, mshono kama wa mtoto wa darasa la kwanza, na anaujua hivyo, na anashona. Yeye mashine ya presha haitaki hata kuiona. Anasema hicho kidude ndicho kilichomlaza hospitali. Vidonge vyake anasema anakunywa.


Jumatano, 12 Machi

Wiki moja ya dawa. 176/106. Hakuna kilichosogea!

Natembea kwenda kazini, vituo vitatu vya basi, halafu ngazi za ghorofa tatu mpaka karakana. Chumvi nimeipa talaka. Nalala mapema kama kuku. Nifanye nini tena?

Leo nimekamatwa. Nilikuwa nimejifungia stoo, nimekaa juu ya jora la kitambaa cha mashuka ya hospitali, Mmbea mkononi. Akaingia Pasi. Huyu ndiye mpiga pasi wetu, yuko hapa kabla bosi hajaota ndevu, na jina lake la nyumbani hakuna anayelikumbuka. Akaniona, akasimama.

"Dada, hiyo sare ya jeshi gani?"

Nikamwambia ukweli. Ilinibidi. Hakusema pole, namshukuru. Alikunja shati lake akasema na yeye apimwe, maana hajapimwa tangu azaliwe. Kimkono chenyewe chembamba, nimezungusha mkanda karibu mara mbili. 116/72! Mtu anayekula karanga za chumvi tangu asubuhi mpaka mashine zinazimwa! Akafurahi kama amepewa cheo. Akaapa hatasema kwa mtu, kisha akaondoka anapiga mluzi.

Kwa hiyo mashine haina kosa. Nilikuwa na kitumaini kidogo huko, kimekwisha. Kosa ni mimi.


Jumamosi, 15 Machi

182/110.

Nimepima tena. 180/110. Tena. 184/108. Nimepima mara kumi na moja, mfululizo, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Mara ya kumi na moja vidole vikaanza kufa ganzi. Vidole vya mkono wa kulia!

Nilikaa juu ya jora kule stoo na kuvitazama. Niliona mkasi wa Mama sakafuni, wazi kabisa, na yeye anainama. Nikafungua mkono, nikafunga. Nikafungua, nikafunga. Ganzi ikaondoka baada ya kitambo. Nikarudi kwenye cherehani, nikashona kola sita, zote nimezipandisha upande mmoja. Bosi akazishika juu kwenye mwanga, akauliza kama shule hiyo ina wanafunzi wenye shingo za kona. Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nikaenda kulia stoo.

Ninaogopa. Nimesema. Naogopa mkono wangu kuliko ninavyoogopa kufa. Nikifa nimekufa. Lakini kukaa dirishani na kupinda pindo kama darasa la kwanza, mimi, na Mama ananitazama?

Kesho nitakunywa vidonge viwili. Kimoja kimeshindwa, kipewe msaidizi.


Jumatatu, 17 Machi

Jana viwili, leo viwili. 172/102 kwa Mmbea. Kichwa chepesi. Nikiinama kuokota bobini ya uzi dunia inachelewa kuinuka na mimi. Uso wa moto. Vifundo vya miguu vimevimba, viatu vinalalamika.


Jumanne, 18 Machi

Siku gani hii! Naandika nikiwa bado nacheka, halafu nalia, halafu nacheka. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nimekunywa viwili tena. Saa nne nikainuka ghafla kwenda kuchukua uzi, ukuta ukaja upande wangu. Pasi akanidaka na mkono mmoja — mkono mwingine umeshika pasi ya moto, hakuiachia, ndiyo ujue mtu anaijua kazi yake. Akanikalisha. Akamwambia bosi dada jino limemzidi, anampeleka. Bosi akasema nenda, na lile jino lirudi kwenye chupa. Pasi akachukua mkoba wangu, Mmbea ndani yake, tukashuka ngazi moja moja.

Nesi wa kalamu mbili. Akanikalisha dakika tano. Akavuta droo ya chini, akatoa ule mkanda mpana.

118/74.

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia mashine yenu mbovu, mimi ni mtu wa mia na themanini, nina daftari! Akauliza daftari liko wapi. Akasoma. Akauliza mashine iko wapi. Pasi akaitoa kwenye mkoba kama mwanasheria anayetoa ushahidi.

Nesi akaushika mkanda. Akaugeuza. Akapapasa mshono wangu kwa kidole, ule wa msalaba kwenye kona. Akauliza nani ameshona hivi. Kwa kujidai kidogo nikasema ni mimi.

"Umeshona vizuri mno, dada yangu. Lakini umeongeza nguo, hukuongeza mfuko wa hewa."

Akanifunulia. Ndani ya mkanda kuna mfuko wa mpira, ndio unaojaa hewa na kuubana mkono. Ule mfuko ni wa mkono mdogo. Nimeurefusha mkanda ukafunga, lakini mfuko umebaki palepale, unakumbatia nusu ya mkono wangu tu. Kwa hiyo mashine inalazimika kubana kwa nguvu zaidi, na kila ikibana inapandisha namba. Ndiyo maana siku ile ya kwanza yeye alibadilisha! Si uchafu. Ni saizi. SAIZI! Mimi, ambaye asubuhi nzima naandika saizi za watu! Na Pasi kimkono chake kiliingia sawasawa, ndiyo maana alisomeka vizuri.

Na ganzi? Akauliza siku hiyo nilipima mara ngapi. Nikasema kumi na moja. Akafunga macho kidogo. Akasema mkono ukibanwa mara kumi na moja mfululizo una haki ya kulalamika. Hata hivyo akanipima nguvu za mikono yote miwili, akanifanya nitabasamu, nitembee kwenye mstari. Mzima. Lakini akanikanya: ganzi ikija siku nyingine bila kubanwa, au mdomo kwenda upande, au neno kukataa kutoka, hakuna kukaa stoo. Ni hospitali, mbio.

Kisha akaniitia daktari, na daktari hakuniona kichekesho hata kidogo. Nani alikwambia uongeze dawa? Nimejibu kwamba hakuna. Akasema kizunguzungu ni kwa ajili hiyo, na miguu pia. Nirudi kwenye kimoja. Kimoja! Presha yangu ni ya kweli, nisije nikasema mkanda uliniponya. Ipo, na nitaishi nayo. Ila inasikia dawa.

Inasikia dawa.

Nesi amenielekeza duka lenye mkanda mpana, unaoingia kwenye mpira uleule wa mashine. Huu mwingine akasema nisiutupe, nifumue kile kiraka, utamfaa mtu mwenye mkono mwembamba. Tukarudi, Pasi mbele na mkoba wangu, mpaka kwenye ngazi za karakana. Hapo akasema: kumbe yule mwanamke alikuwa anakuambia wewe ni mnene kwa adabu, kwa dakika ishirini nzima. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na safari hii ukuta ulikaa mahali pake.


Ijumaa, 21 Machi

Mkanda mpya. Ni mpana, umenikaa kama nilipimiwa. Dakika tano. Bonyeza.

134/86!

Nimepima mara moja tu. Nimeiweka mashine kwenye begi kabla mkono haujapata tamaa.

Mkanda wa zamani nimeutupia kwenye kapu la vipande nyumbani. Nitaufumua siku nikipata nafasi.


Jumatatu, 24 Machi

Asubuhi 130/84. Jioni 132/82.

Nimegundua kwamba ndimu na kitunguu saumu vinaweza kumdanganya mtu kuwa kuna chumvi, mradi asiulize sana. Mama ameuliza sana.

Kola ishirini leo. Zote zimesimama kama zimeitwa mbele. Bosi kazitazama, hakusema kitu. Kwa bosi hiyo ni hotuba ya kushukuru.


Jumamosi, 29 Machi

126/80. Nikatoka bafuni naimba.

Mama, bila kuinua macho kwenye pindo lake, akasema niketi. Nikaketi. Akasema wiki tatu hizi kila jioni bomba la bafuni linafunguliwa, na chini ya maji kuna kitu kinanguruma. Ama ni mashine ya presha, ama nimefuga nyuki.

Nikasema nyuki.

"Wiki ile ya kati ulikuwa huongei, mwanangu. Ulikuwa unafungua na kufunga mkono wako mezani. Unadhani mimi siujui mchezo huo? Ni wangu."

Basi nikamwambia. Jino, 166, kidonge, kiraka, vidonge viwili, nesi. Kwenye kiraka nilidhani atacheka. Hakucheka. Machozi yalimtoka kimya kimya, akawa anayafuta kwa pazia la jirani. Akasema: mimi ndiye niliyekupa. Maneno yaleyale niliyoyaogopa. Nikamwambia ndiyo, umenipa presha, na mikono minene, na cherehani pia, na cherehani ndiyo inatulisha, sasa nikurudishie kipi? Akanipiga na pazia. Halafu akacheka. Halafu tukalia pamoja vizuri, kama watu waliopanga.

Sikujua siri ilikuwa nzito namna ile mpaka nilipoitua. Nimelala mchana kwa saa mbili, mdomo wazi.


Jumatano, 2 Aprili

Kliniki, wiki nne. Mkanda wa droo ya chini. 126/80. Daktari amesoma daftari langu lote, ukurasa wa mkanda mfupi ameupigia mstari mmoja mrefu, akaandika "si hesabu". Kidonge kimoja, kilekile. Nirudi baada ya miezi mitatu.

Kwa karatasi yake nikaenda moja kwa moja kwa daktari wa meno. Mdomo wazi. Koleo. Krak! Limetoka, lina mizizi miwili, baya, nimelipenda. Damu imesimama kama askari.

Nesi ameniomba kitu. Mikanda yao mitano vitambaa vimechakaa, velkro imekufa, mifuko ya hewa bado mizima. Kama naweza kuivalisha nguo mpya. Saizi ileile! alisema, akininyooshea kidole. Saizi ileile, dada nesi. Nimeapa.


Jumapili, 6 Aprili

Shavu limeshuka. 128/82. Nilidhani leo sina cha kuandika.

Nilikuwa mezani napima mikanda ya kliniki. Mama akaja kutoka dirishani, akavuta kiti, akaweka kitu mbele yangu. Ule mkanda wa zamani. Nimeuchukua — hauna kiraka! Umefumuliwa. Mshono wangu mara tatu, msalaba wa kona, uzi baada ya uzi, hakuna tundu hata moja lililochanika. Amesema ameufanya wiki nzima nikiwa kazini. Anaubana kati ya magoti, anafumua kwa mkono wa kushoto. Amesema mshono wangu mgumu mno, nani alinifundisha.

Nikamuuliza kwa nini.

Alipangusa nyuzi magotini. Kisha akasema nesi alisema utamfaa mtu mwenye mkono mwembamba.

Nimechukua futi. Mkono wa kushoto wa Mama, sentimita 26. Zamani ulikuwa kama wangu. Nimepima mara mbili, si kwa sababu sikuamini.

Halafu akasema jambo jingine, akitazama meza. Vile vidonge vyake. Huvinywa siku kichwa kinapogonga tu. Kisipogonga huvirudisha kwenye kopo, asinisumbue kila mara kwenda kuchukua vingine. Miaka miwili hii! Na mimi niliuliza kila asubuhi, Mama umekunywa, naye akasema nimekunywa. Mwongo kama mimi. Ukoo mmoja.

Nilitaka kupiga kelele. Nilikumbuka alivyosema daktari, mama yako hakujua. Nikamwambia, sasa tujue. Akasema ndiyo maana nimefumua.

Kwa hiyo tuko hapa. Mgongo kwenye kiti, miguu sakafuni, mkono mzuri juu ya meza, mkanda umemkaa sawasawa. Dakika tano za kunyamaza. Zimebaki tatu. Naandika ili nami ninyamaze. Nesi yuko zamu kesho asubuhi, namba yoyote itakayotoka tutampelekea, sisi wawili, kabla ya kazi. Bosi nitamwambia ukweli safari hii.

Mama anamtazama Mmbea kama anavyomtazama mteja aliyekuja bila miadi. Anauliza kama itauma. Nimemtikisia kichwa: hapana. Sheria ni kunyamaza.

Dakika mbili.

Mkono wake wa kulia ameuinua kwa ule wa kushoto kabla sijamfunga, akauweka juu ya mkono wangu. Uko hapa. Mzito, wa moto. Naandika kwa taabu, sitaki kuuondoa.

Moja.

Amefumba macho. Ananong'ona nibonyeze basi, anataka kuisikia. Haya, Mama. Kidole changu kiko kwenye kitufe, naweka kalamu chini.